Biju ya zamani imegeuka, imevunjika, inanuka: tafuta sababu mbele ya kusafisha

Mu Lubumbashi mabiju ya zamani inatokaka fwasi mingi. Kuko ile nkambo aliachia bajukuu mu kopo ya biskuti, kuko ile Bagreki, Baitaliani na Bayahudi ba Rhodes baliuzisha wakati wa kuondoka, kuko malakiti ya upande wa Likasi na Kolwezi yenye batu balichongesha tangu wakati wa Union Minière (kampuni ya Babelgiji ya kuchimba shaba), na sasa kuko bijana benye kukusanya mabroshi (ile ya kubandika ku nguo), masaa na mashenete kidogo kidogo ku soko ya komini Kenya ama kwa bamama benye kuuzisha nguo za balo. Bote, maulizo yabo ni ile ile: inageuka nyeusi, inanipaka kijani ku shingo, jiwe imekufa macho, shenete imefungana. Njo maana hapa nimepanga kwa alama yenye unaona, na mu kila alama naanza na sababu yenye kutokea sana, ile ya mbali inafuata nyuma.

Biju ya zamani haiuwawake na myaka sana. Inauwawaka na mutu mwenye alitaka kuisafisha. Ndimu, dawa ya meno, javeli, majivu, kole ya supa, risasi ya kubandikia ya fundi wa telefone, hiyo njo imemaliza mabiju ya Katuba na Kamalondo kupita kutu yote ya dunia. Kwa hiyo kama haujajua unashika nini, weka chini kwanza.

KWANZA JUA NI NINI

Kamata lupi (kioo ya kukuza), ama ata kamera ya telefone, angalia ndani ya pete na ku kifungio ya shenete. Namba 750 ni zahabu ya karati 18, 585 ni karati 14, 375 ni karati 9. Feza inaandikwaka 925, 835 ama 800, na kama ilitoka Ubelgiji utaona mara mingi A835. Vya Ufaransa havina lazima ya namba, kuko kichwa kadogo ya tai kwa zahabu ya karati 18 na kichwa ya Minerva kwa feza, biko tangu 1838. Ukiona GP, GF ama neno "plaqué", ile ni ngozi ya zahabu juu ya metali ingine. EPNS vilevile, ngozi ya feza tu, ndani yake hakuna feza ata gramu moja.

Sumaku inasaidia nusu. Ikivuta, ndani kuko chuma (lakini kifungio ya shenete iko na resori ya chuma, usijaribishie pale), ikikataa usifurahi mbio, shaba na shaba ya njano navyo sumaku haivutake. Kama hakuna alama yoyote, chukulia kwamba ni ya kupakwa na uifanyie pole. Halafu piga picha mbele na nyuma, pima gramu ku kilo ya bauzi ba zahabu, andika. Utaona nyuma kwa nini.

"FEZA IMEKUWA NJANO, HALAFU NYEUSI"

Ile haiko kutu. Ni sulfuri ya mu hewa inashikana na feza, inafanya ngozi nyembamba, mwanzo ya njano, nyuma ya buluu-buluu, mwisho nyeusi kabisa. Jikoni yenye makala inaongeza, mpira unaongeza, sufu inaongeza, na karatasi ya gazeti yenye bamama banafungiaka bintu nayo inaongeza. Kwa hiyo sababu ya kwanza iko fwasi unaweka, haiko biju yenyewe. Sababu ya pili inashangazaka batu: haivaliwe. Feza ya kuvaa kila siku inapanguswa na ngozi na nguo, inabakia safi, ile ya kufungia miaka mu kabati njo inageuka. Ya tatu, ngozi ya feza imekwisha na unaona metali ya chini. Ya ine, ile nyeusi fundi aliweka kwa makusudi mu mashimo ya michoro ili maua ionekane, na ukiiondoa umeondoa kazi yake.

Jaribu kwanza kitambaa ya koto laini, kavu, pangusa pole. Kitambaa ikigeuka nyeusi, uko mu sababu ya kwanza, na mara mingi kitambaa tu inatosha. Ikibakia, maji ya vuguvugu na tone ya sabuni ya vyombo na brosi laini ya mutoto, suuza, kausha vizuri. Ikikataa tena na ni feza tupu, bila jiwe, bila lulu, bila kole, bila ile nyeusi ya makusudi, unaweza kutumia papye ya aluminiumu: tandika mu sahani ya plastiki ama ya glasi upande wa kungala ukiangalia juu, lalisha feza iguse aluminiumu, weka kijiko ya bikarbonati, mwanga maji ya moto sana. Aluminiumu inakamata sulfuri toka ku feza, njo maana inanuka yai bovu, fungua dirisha. Toa mbio, suuza, kausha.

Dawa ya meno hapana. Majivu hapana. Hivyo vinakula, vinaacha mikwaruzo midogo, na mikwaruzo inageuka nyeusi mbio kupita mbele.

Simama kama ku kona unaona rangi ya njano ama nyekundu inatokea chini ya feza. Kila mara ukisugua unapunguza, na kurudisha ngozi ya feza ni kazi ya fundi mwenye bafu ya umeme. Simama tena kama kuko rangi ya emai (rangi ya glasi yenye kuchomwa) ku biju, maji ya moto inaweza kuipasua.

"INANIPAKA KIJANI, INANIWASHA"

Kijani ku ngozi ni shaba. Jasho na mafuta ya kupaka inakula shaba kidogo, inatoa chumvi ya kijani, inaisha na sabuni, haiue mutu. Sababu ya kawaida ni biju ya shaba ama ya shaba ya njano yenye ngozi ya zahabu imekwisha. Sababu ya pili ni losio, parfe, ama kusahau pete ku kidole wakati wa kufua. Ya tatu ni zahabu ya karati ya chini, 9 kwa mufano, juu mule zahabu haifike ata nusu, ingine yote ni shaba na feza. Kwa hiyo mwanamuke mwenye anasema "walinidanganya, zahabu inanipaka" anaweza kuwa na zahabu ya kweli, aangalie namba mbele ya kwenda kupiga kelele ku muuzaji.

Dawa ya pole: safisha, kausha, pakaza ndani ya pete verni ya kucha yenye haina rangi, rudilia ikibanduka. Kwa biju ya bei usifanye hivi, peleka ipakwe upya.

Kuwasha ni neno ingine. Kama kuko tupele, ngozi imekuwa nyekundu, maji inatoka ku tundu ya sikio, ile ni nikeli, na mabiju ya bei ndogo ya zamani inakuwa nayo sana. Verni inasaidia siku chache tu. Badilisha ndoano ya heleni uweke ya feza 925 ama ya titani, na kama sikio imevimba ama inatoa usaha, mabiju tumeisha nayo, enda kwa munganga.

"ZAHABU IMEGEUKA NYEUPE"

Hapa sikiliza vizuri juu sababu ya mwisho iko mubaya.

Mara mingi ni ngozi imekwisha na chini kuko feza ama nikeli. Unajua hivi: nyeupe inatokea fwasi zenye kugusana, chini ya pete, mugongo wa kifungio, na haiongezeke kwa siku moja. Kinyume yake, zahabu nyeupe inageuka ya njano kidogo, ile ni rodiumu (ngozi ya metali nyeupe) imekwisha ku uso, fundi anarudisha, haiko haribiko.

Lakini kama pete ya zahabu ya kweli imepata doa nyeupe ya feza-feza kwa gafula, wakati ulikuwa karibu na termometri yenye ilivunjika ama mu nyumba yenye kuchomea zahabu ya machimbo, ile ni zebaki. Zebaki inashika zahabu mara moja, ata tone. Usichome! Kuko batu banasema weka ku moto itaondoka, ni kweli inaondoka, inaenda mu mapafu yako na ya batoto benye kuwa mu nyumba. Funga pete mu kichupa ya glasi yenye kifuniko, nawa mikono, peleka kwa fundi mwenye fwasi ya kuchomea yenye kuvuta moshi inje, na umwambie mbele kwamba ni zebaki. Fundi akikuambia "hakuna shida tunachoma hapa ku meza", chukua pete yako ukwende.

Na javeli, tafazali, vua zahabu mbele ya kufua nguo nyeupe. Klori inaingia mu viungo vya zahabu, zaidi zahabu nyeupe yenye nikeli, miguu yenye kushika jiwe inapasuka kidogo kidogo bila kuonekana, halafu siku moja jiwe haiko.

"KUKO KINTU YA KIJANI SAWA NTA KU BROSHI"

Kama ni laini na inashika sindano, ni shaba imekutana na mafuta: mafuta ya ngozi, mafuta ya kupaka, ngozi ya mukoba. Sababu ya pili ni kifuko ya plastiki ile nzito yenye kunuka, inatoa asidi pole pole. Ondoa na kijiti ya meno ya muti, hapana ya chuma, halafu koto na alkoli kidogo bila kugusa jiwe na lulu, kausha, weka mbali na zingine.

Kama ni unga kavu ya kijani nyeupe-nyeupe, inatoka, unaondoa, inarudia tena nyuma ya juma, basi ni klori iko ndani ya metali yenyewe. Chumvi ya jasho ama ya udongo iliingia. Inatokeaka ku bintu vyenye kuzikwa, na hapa kwetu nafikiri juu ya misalaba ya shaba, ile croisette ya zamani yenye ilikuwa falanga, batu banaitoboa tundu banavaa sawa pendanti. Kama yako ni ya zamani kweli haiko biju tena, ni kintu ya historia, usiisugue, usiitoboe. Iweke kavu, mbali na zingine, na uombe mutu wa müze aiangalie. Müze ya Lubumbashi iko na batu benye kuzoea shaba.

Neno hilo hilo kwa falanga ya Katanga ya 1961, ile yenye croisette upande moja na ndizi upande ingine, yenye batu banafanyaka pendanti na heleni. Ukiisugua ikangala, mwenye kukusanya hatakupa tena bei ya mbele. Rangi ya kahawia ni sehemu ya bei.

MALAKITI IMEKUFA, IKO NA MADOA, IMEPASUKA

Hii nitakaa nayo, juu mu muji huu kila nyumba iko nayo, shanga ama braselé ama yai ya kuweka ku meza, na kila nyumba inaiharibu kwa njia ile ile.

Malakiti ni karbonati ya shaba. Neno hilo tu inaeleza shida yake yote. Asidi yoyote inaikula: ndimu, siki, jasho ya siku ya joto, Coca. Amoniaki inaikula vilevile, na amoniaki iko mu dawa mingi ya kusafisha vioo. Ugumu wake ni 3.5 mpaka 4 mu kipimo ya Mohs, chini ya kisu. Na vumbi yetu nyekundu ya kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, iko na chembe za kwarzi zenye ugumu wa 7. Sasa unaona kwa nini malakiti ya mama yenye kupangusa kila asubui na kitambaa kavu inakufa mbio kupita ile ya mama muvivu: kila asubui anaisugua na musasa.

Kwa hiyo kama imepoteza kungala yote sawasawa, sababu ya kwanza ni vumbi na kitambaa kavu. Ya pili ni nta imeisha, juu mafundi banaimalizia na nta, na sabuni inaiondoa. Ya tatu, parfe na mafuta ya nywele, zaidi ku shanga za nyuma ya shingo. Kama kuko doa nyeupe ama ya maji-maji fwasi moja, tafuta asidi, tone ya ndimu wakati wa kula samaki inatosha. Kama imepasuka, mara mingi ilianguka ama ilitiwa mu maji ya moto, mara moja moja mutu aliiacha nyuma ya kioo ya gari mu jua.

Na kuko sababu ingine: haiko malakiti. Ya kweli iko baridi ku mukono na nzito kwa ukubwa wake, na mistari yake haifanane, inazunguka, inakufa, inaanza tena, kijani nyeusi na kijani nyepesi bila mupaka wa ruler. Ya plastiki iko na mistari ya kurudilia na inapata joto ya mukono mbio. Kuko tena ya unga, unga wa malakiti ulichanganywa na kole, hiyo inadanganya ata batu bazuri. Tafazali usijaribu na asidi, kweli ya kweli itatoa povu, lakini umeishatengeneza shimo ku biju yako.

Kusafisha: puliza vumbi kwanza, ama tumia brosi ya rangi laini, bila kukandamiza. Halafu kitambaa ya koto yenye maji ya baridi kidogo, ikamuliwe, pangusa, kausha papo hapo. Usiloweke, kamba ya ndani inaoza na maji inaingia mu nyufa. Ikikauka, kamata nta ya nyuki ya kweli, kidogo kabisa, sugua na kidole mpaka ipotee, ngoja, pangusa na koto. Kama ilikuwa nta tu, kungala inarudi siku ile ile.

Ikikataa, uso wenyewe umeliwa na unahitaji kupolishiwa upya. Hapa simama. Kusaga malakiti kavu inatoa unga wa shaba, na ule unga hautakiwe mu mapafu. Mafundi benye akili banasaga na maji inatiririka na maski ku pua. Kama wako anasaga kavu pembeni ya batoto mu lupango, hiyo polishi ni ya bei kali.

Nyufa ndogo unaweza kuacha, haiende mbali kama hauiangushe. Ufa yenye kucheza ukigusa, fundi, na aibandike na epoksi, hapana na kole ya supa, ile inatoa mvuke nyeupe inafunika jiwe.

"MAWE YA GLASI IMEKUFA MACHO"

Ile mistrasi ya mabroshi ya zamani inangala kwa sababu nyuma kuko karatasi nyembamba ya metali ama rangi ya feza. Maji ikiingia, karatasi inageuka ya kijivu, na hakuna sabuni yenye itairudisha. Sababu ya kwanza ni kuloweka, ya pili ni jasho na lake ya nywele, ya tatu myaka. Kama jiwe iko chafu tu kwa juu, kijiti yenye koto na maji kidogo sana, uelekeze uso chini ili maji isishuke nyuma ya jiwe, kausha. Kama ni ya kijivu toka ndani, badilisha jiwe, kuko mafundi benye kuweka mawe toka broshi zenye zilivunjika. Mimi nikinunua fungu siwezi kutupa broshi mbovu, ile njo duka ya mawe.

Jiwe yenye kucheza: leta biju karibu na sikio, tingisha. Ukisikia tik-tik, usivae tena. Kama ni ya glasi na ilibandikwa, ondoa kole ya zamani na kijiti, weka tone moja ya epoksi. Kama imeshikwa na miguu ya zahabu, usikandamize miguu na pinsi ya nyumbani, mugu moja ukivunjika utalipa kazi mara mbili. Emerodi na opali na turkwaz usipeleke mu mashini ya mutetemo, ata fundi akisema ni mashini ya kisasa. Emerodi mingi ilitiwa mafuta ku nyufa, mashini inaitoa na jiwe inabakia na nyufa inje.

Lulu, kwa ufupi: inavaliwa ya mwisho na inavuliwa ya kwanza, nyuma ya parfe, pangusa na kitambaa yenye maji kidogo, usifungie mu plastiki. Ikiwa ngozi inabanduka na chini unaona glasi, haikuwa lulu ya kweli na haina dawa. Ikiwa kamba inaonekana kati ya lulu na lulu, itakatika karibuni, peleka ifungwe upya na hariri, na fundo kati ya kila lulu, ili ikikatika mu kanisa upoteze moja tu hapana zote chini ya viti.

SHENETE IMEFUNGANA, IMEKATIKA

Fundo: lalisha ku meza juu ya sahani, mwanga unga wa talki kidogo, kamata sindano mbili, fungua toka katikati ukisukuma, usivute. Ikikataa, tone ya mafuta ya kupikia, halafu osha na sabuni. Shenete ya kamba-kamba yenye kuwa wazi ndani ikijikunja mara moja, imejikunja, usiikanyage na pinsi.

Imekatika: tazama kwanza ni fwasi gani. Mara mingi ni kapete kadogo karibu na kifungio, na ile haijakatika, imefunguka, pinsi mbili ndogo zinaifunga. Fungua na ufunge kwa kusukuma pembeni, hapana kwa kupanua. Sababu ya pili ni kiungo imelika na myaka, ikishakuwa nyembamba sawa uzi, viungo vya jirani navyo viko njiani.

Na sasa neno yenye nasema na sauti: usipeleke feza ama zahabu kwa fundi wa telefone. Ile risasi yake ni bati na plombi, itashika, ndiyo, utalipa kidogo, utafurahi. Halafu siku fundi wa zahabu atatia moto ya kweli, plombi itakula zahabu, itafanya mashimo, na atalazimika kukata kipande kizima. Mafundi benye kujua banakataa kazi yenye plombi, na biko na haki. Kama ulishafanya, mwambie mbele ya kuwasha moto.

Kupeleka kwa fundi: gramu na picha ulizoandika mwanzo njo saa yake. Pima mbele yake, andikeni bote wawili, na mawe muhesabu pamoja. Hakuna matusi mu hiyo, fundi mwema anapenda, inamulinda yeye pia.

"INANUKA", NA BINTU VYA PEMBE

Braselé ama kishanuo ya plastiki ya zamani yenye kunuka kafuri ama asidi, yenye jasho ya kunata ama nyufa sawa kioo, ni seluloidi inakufa. Hakuna dawa. Na mvuke yake inakula metali na seluloidi zingine za kopo ile ile, kwa hiyo leo leo itoe, iweke peke yake fwasi yenye hewa, mbali na jiko na makala juu inawaka mbio sana. Batu bengine banajuaka plastiki kwa sindano ya moto, mambo ya video: usijaribu, kama ni seluloidi utawasha mukono. Bakeliti, ile Leo Baekeland wa Gent alivumbua mu 1907, inajulikana kwa maji ya moto tu, dakika kidogo chini ya robine halafu nusa, iko na harufu ya dawa ya hospitali.

Pembe ya ndovu inapasukaka mu kiangazi, hewa inakauka, pembe inajikaza. Usiiloweke, usiipake mafuta, njano yake ni ya myaka na haiko uchafu. Iweke mbali na dirisha, basi. Na usiibebe ku avio wala kuituma inje, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilikatazwa na CITES (mapatano ya dunia juu ya biashara ya nyama na miti ya pori) mu 1989 na ku mupaka hawatakuuliza nkambo alinunua mwaka gani.

SAA YA ZAMANI YENYE NAMBA ZA RANGI YA KAHAWIA

Ya mwisho, na ni ya kwetu kabisa. Masaa ya mbele ya miaka ya 1960 yenye namba na mishale ya kungala usiku, mara mingi ilipakwa radiumu. Radiumu mingi ya dunia ilitoka Shinkolobwe, pembeni ya Likasi: Union Minière ilisafirisha mawe mpaka Olen mu Ubelgiji, na tangu 1922 kiwanda ile ilitoa radiumu. Kwa hiyo saa ya tate inaweza kuwa na kipande ya Katanga yenye ilienda Ulaya ikarudi.

Alama: rangi ya namba ilikuwa nyeupe ama kijani, sasa ni kahawia, na mu giza haingale tena. Hapa batu banakosa wakifikiri imekufa. Chenye kimekufa ni unga wa kungalisha tu, radiumu yenyewe inahitaji miaka 1600 ili ipungue nusu. Kama chini ya namba 6 unasoma "T SWISS T", ile ni tritiumu, imekuja nyuma na ni pole zaidi. Kama hakuna maandiko na saa ni ya zamani, chukulia ni radiumu.

Ikiwa imefungwa na kioo ni nzima, unaweza kuiweka, lakini hapana mu chumba ya kulala na hapana mu kopo yenye kufungwa pamoja na zingine, juu inatoa gazi ya radoni. Haina kazi ya kuvaa kila siku. Usiifungue, usipulize vumbi ndani, usikwarue namba ili upake rangi mpya, batoto wasiichezee. Kioo ikivunjika ama unga wa kahawia unatembea ndani: usitingishe, tia mu kifuko ya plastiki, kifuko mu kopo, nawa mikono, pangusa meza na karatasi yenye maji na ile karatasi iingie mu kifuko vilevile. Halafu utafute fundi wa masaa mwenye akisikia neno radiumu anaacha kucheka. Yule mwenye anasema "leta nikwarue" usimuachie.